Ubatizo wa Moselantja

Tarehe 13 Machi 1949, siku ya Jumapili, mtoto mchanga aitwaye Emilia, binti wa Tefo na mkewe Mamoretlo wa kijiji cha Ha Letuka, alibatizwa katika parokia moja ya milimani huko Lesotho. Hayo yamo katika kitabu cha ubatizo, namba 112, kwa wino ambao haujafifia.

Mwanamke aliyefika parokiani na kadi ya ubatizo yenye namba hiyo, Julai 2013, alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Kijijini anaitwa 'M'e, yaani Mama, Mamotlatsi, jina alilopewa alipoolewa. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amevaa kijoho cha zambarau cha mabegani cha Wanawake wa Mtakatifu Anna, kikundi cha akina mama wa parokia, akiosha maiti, akiuguza, akiongoza rozari misibani pale theluji ilipomzuia padri. Sasa wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti, na padri mpya, Ntate, yaani Baba, Khoabane, kijana asiyepitisha karatasi bila kuisoma, alitaka kuilinganisha kadi yake na kitabu.

Padri alisoma mstari, akasoma maandishi madogo ya pembeni, akavua miwani.

"'M'e, ulizaliwa mwaka gani?"

"Hamsini na moja, Ntate."

"Basi ulibatizwa miaka miwili kabla ya kuzaliwa. Na hapa pembeni wameandika kwamba ulikufa Julai ya arobaini na tisa."

"Nimekufa? Mbona asubuhi nimekula ugali nikaongeza?" Alicheka. Padri hakucheka, na kicheko chake kikakauka mdomoni.

Aliondoka hapo moja kwa moja hadi kwa shangazi yake Mathibeli, dada wa baba yake, mwenye miaka tisini, ambaye alimkuta amejifunika blanketi kando ya moto wa samadi kavu.

"Shangazi, mimi ni nani?"

"Mpaka mvi zimekujaa ndiyo unauliza leo? Wewe ni Moselantja, mkia wa mbwa. Dada yako alikufa, basi tukakupa jina baya makusudi, kifo kikusikie kipite zake. Kilipita au hakikupita? Jitazame ulivyonenepa!"

"Na Emilia?"

"Ndiye huyo dada yako. Padri mzungu wa wakati ule alikataa kubatiza mkia wa mbwa, akataka uitwe Rosalia. Baba yako akagoma. Alisema ukipewa jina zuri utamfuata mwenzio. Wakavutana hadi padri akahamishwa. Ulipofika umri wa komunyo, mama yako akatoa kadi ya marehemu. Nani angehesabu miaka ya mtoto wa mchunga kondoo?"

"Kwa hiyo sikubatizwa."

"Nimesema hivyo? Ulipokuwa na miezi mitano kifua kilikubana, tukasema basi, huyu naye anakwenda. Nilikuwa uani nasaga mtama. Nikamwona mama yako mlangoni anakumiminia maji kichwani, midomo inacheza."

"Alisema nini?"

"Mimi nasaga, mwanangu. Jiwe likizunguka unasikia nini?"

Mamotlatsi alijua, kama kila Mkatoliki wa milimani anavyojua, kwamba mama anaweza kumbatiza mtoto wake anayekaribia kufa, ilmradi atamke maneno yenyewe. Maji yalikuwepo. Njiani alijaribu kusali, akakosa hata pa kuanzia. Alimkumbuka mzee mmoja aliyefariki akiwa amemshika mkono, akimwambia, "Niombee, wewe uliye karibu na Mungu." Je, alimdanganya?

Malikeleli, katibu wa kikundi na rafiki yake wa ujana, hakutaka kusikia habari hizo.

"Nyamaza tu, mwanamke! Mungu anakujua kwa sauti, hakukagui kadi. Ukibatizwa leo, watu watasema tuliongozwa na mpagani miaka yote." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa na hofu.

Hapo ndipo alipokwama. Akinyamaza, atashika uongozi kwa kadi ya marehemu. Akibatizwa, atakuwa amekiri kwamba miaka thelathini na minne ilikuwa bure. Alimweleza padri yote.

"Kanisa lina njia," padri alisema. "Nitasema: kama hujabatizwa, nakubatiza. Kama ulishabatizwa, maji yatabaki maji."

"Kwa hiyo hata wewe hujui, Ntate."

"Sijui, 'M'e."

Hakutegemea jibu hilo. Akarudi Ijumaa iliyofuata, Malikeleli akiwa shahidi, kanisa likiwa na baridi hadi pumzi zinaonekana.

"Emilia, kama hujabatizwa..."

Mamotlatsi akainua mkono. "Huyo alishabatizwa. Usimsumbue."

"Basi nikuite nani?"

"Moselantja."

Malikeleli akakohoa ili asicheke. Padri akachota maji na kulitamka jina hilo. Mama wa watu akasubiri kuhisi kitu. Alihisi baridi tu, ikiteremka shingoni.

Wiki ile ile aliitwa Ha Letuka kuosha maiti, akaenda. Hakuna aliyemuuliza habari za kadi. Wakati akikunja mikono ya marehemu alijiuliza kama sasa ameingia Kanisani, au alikuwa ndani siku zote. Aliendelea kuosha.

Maneno aliyotamka mama yake, Mamoretlo, mlangoni mwaka 1951 hayajulikani. Alifariki mwaka 1968, na hakuna mwingine aliyekuwa karibu kiasi cha kuyasikia.