Gogo, Winchi na Kochi Jekundu

Fundi makochi yule walimwita Kengele, na jina lake alilipata kwa jasho, si kama majina mengine ya mtaani yanayookotwa. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye chembechembe za sponji hadi kwenye nyusi za mwenyewe. Mchana wanaume wa mtaa walikuja kuyakalia makochi yasiyomalizika, wakapigana. Si wao kwa wao, wapi! Nusu yao walitweta wakifunga kamba za viatu. Walipiganisha mabondia wa uzito wa juu, marehemu na walio hai, watu ambao hata kusalimiana hawakuwahi. Mmoja alikaa ncha hii ya kochi, mwenzake ncha ile, kila mtu akimsemea bondia wake ngumi kwa ngumi. Kengele akigonga springi kwa mkasi, ngriii, raundi imekwisha. Mwishoni alimtangaza mshindi, na akishatangaza hakuna rufaa.

Lakini mkasi haukuwa raha yake kubwa. Raha yake ilikuwa mkewe, aliyeshona mito kwenye cherehani pale nyuma. Kila alipotajwa Gogo, kipenzi cha Kengele, bondia wa enzi za picha zisizo na rangi, mfupi, mnene, kichwa kama jiwe la kusagia, mama huyo alisimamisha cherehani akasema, "Gogo hapigiki." Basi. Maneno mawili tu, na mwanamume alishiba mpaka jioni.

Ndipo Randa akahamia chumba cha jirani. Huyu alikuwa seremala, mrefu, mikono mirefu, shati halilowi jasho hata akiranda mbao ngumu. Fremu za makochi sasa zilitoka kwake, na zilikuwa fremu safi. Kengele alizikagua kwa siri akitafuta ufa, akaukosa, akanuna. Na kama hiyo haitoshi, jamaa alijaliwa mdomo. Bondia wake alikuwa Winchi, bingwa wa siku hizi, anayewapiga watu kutoka mbali kama anayeangua matunda.

"Shemeji," alisema Randa siku ya kwanza, akimgeukia mke wa mtu badala ya mpinzani wake, "hebu mwone Gogo anavyokuja. Kainama hivi, kama anatafuta sindano iliyoanguka. Winchi hana haraka. Anamwekea kiganja usoni, anamuuliza: mzee, umepotea njia?"

Cherehani ikasimama. Mama akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa foronya.

Kengele alikijua kicheko kile. Alikuwa hajakisikia siku nyingi. Alidhani kimekwisha, kumbe kiliwekwa tu, na sasa kinatolewa kwa wageni.

Tangu siku hiyo shemeji hili, shemeji lile. Shemeji nisaidie kipimo, shemeji huyu Winchi umemwona jana? Nyumbani Kengele alikaa mbele ya sahani kama mshtakiwa.

"Kwa hiyo Winchi ana mikono mirefu," alisema.

"Si anayo? Tumemwona kwenye televisheni."

"Mikono mirefu siyo ngumi."

"Baba watoto, unazungumzia ngumi au unazungumzia nini?"

"Ngumi!"

"Haya, kula."

Hakula. Kesho yake alitangaza kwamba leo yeye mwenyewe atampigania Gogo dhidi ya Winchi, na mwamuzi atakuwa mkewe. Karakana nzima ikapiga mbinja. Kengele hakuwahi kupanda ulingoni, na kila mtu alielewa kwamba anayechaguliwa pale si bondia.

Sasa, asubuhi hiyohiyo alikuwa akivalisha kochi jekundu la mteja. Mkewe alikwenda kwa Randa kuulizia fremu, akakawia. Kengele alivuta kitambaa, akapigilia misumari, jicho mlangoni, sikio ukutani. Kule ng'ambo walicheka kidogo. Akapigilia kwa nguvu zaidi.

Mchana wakalikalia kochi hilohilo, yeye ncha hii, Randa ncha ile. Mama akashika mkasi, akagonga. Ngriii!

Raundi za mwanzo zilikuwa za Randa. Winchi alichoma, akarudi nyuma, akachoma tena. "Kaka mkubwa, Gogo wako anavimba, mwiteni mama yake!" Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Kengele alimtazama mwamuzi. Mwamuzi alikuwa anauma mdomo asicheke.

Hapo akasimama. "Gogo anapigwa, sawa! Anapigwa, anakuja! Anapigwa, anakuja! Mikono yako mirefu, bwana, ikishapitwa ni ya kuning'inizia nguo tu! Gogo kaingia kifuani, anashusha mkono kutoka huku nyuma..."

Akashusha ngumi ya nguvu zote kwenye mkono wa kochi.

Ko!

Kochi halilii hivyo. Kengele alibaki ameinama, mdomo wazi. Mkewe akaja, akabonyeza pale alipopiga, akabonyeza tena. Chini ya kile kitambaa kizuri kilichonyooshwa kulikuwa na mbao tupu.

"Baba watoto. Sponji iko wapi?"

Karakana ikapasuka kwa vicheko. Randa peke yake hakucheka. Alikimbilia maji baridi, akachana kipande cha kitambaa chekundu, akamfunga vidole akisema pole kaka, pole. Na hilo liliuma kuliko mbao.

"Mshindi nani?" watu wakadai.

"Kochi," alisema mwamuzi.

Walipoondoka akamkagua mumewe vidole. "Fundi kama wewe unasahau sponji? Akili yako ilikuwa wapi?"

"Ukutani."

"Ukutani kuna nini?"

"Kulikuwa na wewe, upande wa pili."

Mama alikaza fundo polepole.

Kochi lilitakiwa, na mkono wa fundi ulikuwa umevimba kama andazi. Ikabidi mkewe afumue na kujaza sponji, Randa akimshikia fremu. Kengele aliketi kwenye kigoda, mkasi mkono wa kushoto, springi magotini, bila kupepesa macho.

"Shemeji, vuta hapa kido..."

Ngriii!

"Raundi imekwisha," alisema Kengele.

"Kaka, hata hatujaanza!"

"Imekwisha. Kila mtu kwenye kona yake."

Mkewe aliinamia kochi, sindano hewani, mabega yakimtikisika. Kengele akatega sikio. Ndicho chenyewe, kicheko kile, na safari hii Randa hakuwa amesema lolote la kuchekesha.