Mitungi ya Miavuli ya Rietersheim

Saa nane mchana, Jumapili ya Sikukuu ya Kabichi, Salomé Kieffer alitokea nyuma ya ukumbi wa kijiji ameshika kiuno, na waliomjua wakaanza kusogea pembeni. Alikuwa mama wa miaka sabini na mitano, mfupi, mwenye mikono minene, na kijiji kizima cha Rietersheim hakikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo aliipaza.

"Gilbert! Gilbert Ohlmann! Hebu njoo hapa!"

Alikuwa na haki ya kukasirika, nami sitajifanya kwamba sipendelei upande. Salomé alikuwa mkata kabichi, kama baba yake. Kwa miaka hamsini, kuanzia Septemba hadi Novemba, alibeba mgongoni randa ya kabichi, ubao mrefu wenye visu vitano na kisanduku kinachoteleza juu yake, akaenda nyumba kwa nyumba. Alishuka ghala la chini na kukata kabichi za mwaka mzima, nyuzi nyembamba nyeupe. Mwenye nyumba akazitia chumvi tabaka kwa tabaka, akazishindilia mtungini kwa ngumi mpaka zitoe maji, akaweka jiwe juu. Wiki sita zikipita, kabichi imechachuka, na familia ina cha kula na soseji na nyama ya nguruwe ya moshi mpaka theluji iyeyuke. Salomé alijua kina Ohlmann wanatia kisibiti, kina Huguette wanatia mbegu za mreteni, na mke wa mchungaji anaficha vipande vya tufaha katikati. Hakuna siri aliyoitoa nyumba hii akaipeleka ile.

Kisha watu wakaacha kumwita. Hawakugombana naye, la. Walianza tu kununua kabichi chachu ya kiwandani, kwenye ndoo nyeupe za plastiki. Ndiyo maana Gilbert, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, alipokuja kumwomba akate kabichi jukwaani, Salomé alijifanya kufikiria kwa dakika tano nzima, ilhali moyoni alikwisha kukubali. Materne, mkulima wa mwisho wa zile kabichi za kale zenye vichwa vipana, alitoa vichwa arobaini. Zilikuwa za mwisho kabisa. Mwaka uliofuata shamba lake lote lingekuwa la mahindi.

Asubuhi ilianza vibaya. Gilbert alimletea utepe mkubwa wa kuvaa kichwani kama mabibi wa zamani, wa kukodi, mwekundu.

"Mwekundu ni wa Wakatoliki," Salomé alisema. "Kwetu sisi Waprotestanti ni mweusi. Mama yangu akiniona na hili dude, atafufuka anizabe kofi."

"Bi Salomé, wageni hawajui tofauti. Mwekundu unatoka vizuri kwenye picha."

Akauvaa. Akalivumilia hata bango lililotangaza kuwa hapa ndipo Ufaransa na Ujerumani zinapokutana mezani. Bibi yake Salomé aligeuzwa uraia mara tatu, kila vita viliposogeza mpaka, bila kuhama jiko lake. Kila bendera iliyokuja ilimwambia chakula chake ni cha kwao, naye akaendelea kupika kabichi ile ile, kwa mafuta ya bata bukini na mvinyo mweupe, akiwaza kama chumvi itapatikana. Bibi huyo hakukumbuka kukutana na mtu mezani.

Basi akakata. Wageni walipiga picha, watoto walishangilia, na kila beseni lilipojaa vijana wawili wa kamati walilibeba nyuma ya ukumbi. Salomé aliamini kuna kina mama huko wanaotia chumvi. Angewazaje vingine? Mtu hukata kabichi ili itiwe chumvi. Vichwa ishirini na viwili vilikwisha kukatwa alipokwenda nyuma kukung'uta aproni yake, akayaona mapipa ya taka.

Vichwa kumi na vitano vya Materne vilikuwa humo, nyuzi nyeupe, safi, chini ya sahani za karatasi na mifupa. Kando ya ukuta zilipangwa ndoo za plastiki tupu, za kiwanda cha mbali. Ndizo zilizowalisha wageni ukumbini.

"Bi Salomé, usipandishe presha," Gilbert alisema alipofika, mikono juu. "Ni kanuni. Kabichi iliyokatwa nje, hewani, hatuwezi kumuuzia mtu."

"Mimi nimeikata kwa ajili ya nini?"

"Kwa maonyesho."

"Maonyesho! Mimi kinyago? Wewe mtoto umelelewa kwa kabichi niliyoikata kwa mikono hii! Mama yako alikuwa na mimba yako, anashindilia mtungi huku amekaa kwenye kigoda, mimi namkatia! Alikufa? Ulikufa?"

"Lakini kanuni..."

"Kuuza ndiko kulikokatazwa. Kula nyumbani kwangu nani atanikataza? Na mitungi iko wapi?"

Gilbert alimtazama Materne, aliyekuwa amemfuata nyuma, naye Materne akaanza kuhesabu. Vilibaki vichwa ishirini na vitano, na saba kati ya hivyo tayari vilikuwa nyuzi kwenye mabeseni. Kabichi iliyokatwa haisubiri kesho. Isipotiwa chumvi siku hiyo hiyo, inasinyaa, inageuka rangi, na kwa Materne hakuna nyingine.

Salomé aliuvua ule utepe mwekundu, akamvisha Gilbert kichwani mbele ya kamera za wageni waliokuwa wamefuata kelele, akatoka.

Aliingia kwanza nyumbani kwa Huguette, jirani yake, aliyekuwa anakunywa kahawa na wageni kutoka mjini. Mtungi ulikuwa mlangoni, umejaa miavuli.

"Toa hivyo vitu."

"Salomé, vipi? Kuna nini?"

"Huu ni mtungi wa mama yako. Niliujaza miaka thelathini. Unauwekea miavuli! Huna haya?"

Akaimwaga miavuli sakafuni yeye mwenyewe. Kwa mke wa mchungaji mtungi ulikuwa na maua ya plastiki, afadhali hata yangekuwa halisi. Kwa kina Ohlmann ulikuwa wa kutupia magazeti ya zamani. Kwa meya ulikuwa umepakwa rangi ya buluu na kutobolewa chini, umekuwa taa. Hapo Salomé alitoa maneno ambayo sitayaandika yote. Meya alisikika akiomba radhi.

Aliwapasha wote, mtaa mzima. Wamerithi mitungi iliyovuka vita na njaa, wameitelekeza kwa sababu ya ndoo iliyopunguzwa bei! Na ajabu ni kwamba walimfuata. Labda ni aibu, labda ni ile sauti wasiyoizoea. Saa kumi, ua wa Materne ulikuwa na kabichi zote zilizobaki na mitungi sita iliyosuguliwa kwa maji ya moto. Randa inaimba, Huguette amekunja mikono ya gauni la Jumapili anashindilia kwa ngumi, na wawili wanabishana juu ya kisibiti. Gilbert alileta chumvi.

Mitungi sita ilijaa. Likabaki beseni moja.

"Tafuteni mwingine," Salomé alisema bila kuinua macho. "Upo mahali. Kuna mtu ameuficha."

Huguette akanyoosha mgongo, mikono inachuruzika maji ya kabichi. Hakusema kwa ubaya.

"Na wako, Salomé?"

Randa ikasimama.

Mtungi wake ulikuwa mlangoni kwake. Ulikuwa na mwavuli mmoja mweusi na fimbo mbili za kutembelea za Thiébaut, mumewe. Tangu amzike, miaka minne iliyopita, hakukata hata kichwa kimoja kwa ajili ya nyumba yake. Angemkatia nani?

Aliondoka, Materne nyuma yake na beseni. Nyumbani alizitoa zile fimbo, akazishika kwa muda, kisha akauosha mtungi, akatia chumvi, akashindilia kwa nguvu iliyomfanya Materne arudi hatua mbili. Materne alipogeuka kutafuta mahali pa kunawa, aliiona chini ya meza: ndoo nyeupe ya plastiki, ya kiwanda kile kile, imeliwa nusu.

Salomé alimwona alivyoiona.

"Mnafiki mkubwa kuliko wote huyu hapa," alisema. "Nimemtukana hadi meya."

Akamwaga kilichobaki kwenye pipa, akaisuuza ndoo, akaitoa nje. Aliiweka barabarani kabisa, pembeni ya kizingiti, jina la kiwanda likitazama nyumba ya Huguette. Kisha akatia ndani yake mwavuli, na zile fimbo mbili za Thiébaut.