Fundi Yameisha na Ndege Iliyofutwa

Zamani safari ikivunjika, mwenye chombo alikufuata mwenyewe ulipokaa, akavua kofia na kukueleza huku mnatazamana usoni. Siku hizi simu inalia mfukoni, na kampuni inakuambia kwa maandishi kwamba inathamini uvumilivu wako.

Jirani yangu, fundi viatu, alikuwa mtu wa zamani hizo. Mtaa mzima ulimwita Yameisha, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemkosea na kuomba radhi. Mpangaji wa ghorofa ya juu alimwaga maji machafu juu ya ngozi ambazo Fundi alizianika dirishani, akashuka kusema samahani, akaambiwa yameisha. Kwa Fundi, kudai kitu baada ya kusamehe ilikuwa aibu kuliko kuiba. Watu wa aina hiyo walifaa sana dunia ilipokuwa na haya. Hii ya leo inajipangusia miguu juu yao.

Siku hiyo Fundi na mkewe walikuwa wanasafiri kwa ndege kwenda kumwona kaka yake Fundi, aliyekuwa apasuliwe moyo kesho yake asubuhi. Kati ya watoto wa tumbo moja walikuwa wamebaki Fundi na kaka huyo tu. Kaka alipiga simu akasema, "Njoo nikuone kwanza," na daktari hakuwa amemwahidi kwamba kutakuwa na kuonana baadaye.

Niliwasindikiza. Tulikuwa bado tunatafuta pa kukaa simu ilipolia: safari imefutwa kwa sababu za kiuendeshaji. Tukajipanga foleni. Kwenye kaunta tulimkuta binti mwenye skafu ya kampuni na sauti laini ya kufundishwa.

"Babu, samahani sana, kwa niaba ya kampuni. Tutawasafirisha kesho kutwa. Mtaridhika kusubiri?"

"Usijali, mwanangu," akasema Fundi. "Yameisha."

Binti akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake na kutupatia vikaratasi vya kuchukulia juisi na biskuti. Biskuti yenyewe ilikuwa ngumu kiasi cha kufaa kuwekwa kisigino.

Nyuma ya ua la plastiki, mahali ambapo mtu hupita tu akiwa amepotea, palibandikwa tangazo la haki za abiria. Nikalisoma. Safari ikifutwa kwa taarifa fupi, abiria ana haki ya kupelekwa kwa ndege ya mapema inayopatikana, hata kama ni ya kampuni nyingine, na juu yake alipwe fidia, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa kampuni. Wakati huo kijana mmoja mwenye miwani ya jua alikuwa anagonga kaunta na kutukana mpaka ukoo wa meneja. Alipewa kiti cha ndege ya jioni ya kampuni jirani. Aliyewaonea huruma alipewa biskuti.

Nikawasimulia wote wawili nilichosoma, nikamwambia Fundi arudi kaunta.

"Nimeshamwambia mtoto wa watu yameisha," akasema. "Nikamwambie sasa hayajaisha?"

"Kaka yako anaingia kwenye kisu kesho."

"Najua." Alikuwa ameshika biskuti bila kuila. "Lakini neno limeshatoka."

Mkewe, ambaye muda wote alikuwa akivua na kuvaa kiatu kilichombana, kiatu alichoshonewa na mumewe huyo huyo, akainuka.

"Shemeji, nishikie mkoba."

Akaenda moja kwa moja mbele ya kaunta.

"Binti, mwenye kusamehe ni yule pale. Mimi sijasamehe."

"Lakini bibi, babu alikubali kwa niaba yenu wote."

"Tangu lini? Huyo hata rangi ya pazia hanichagulii. Hebu niambie, ndege imezuiwa na mvua?"

"Hapana, bibi."

"Kuna vita?"

"Hapana. Rubani wa zamu hakupatikana."

"Kapotea?"

Foleni ikacheka. Binti akainama kwenye kompyuta.

"Rubani ni wenu, si wa Mungu," akasema bibi. "Basi tupeni viti viwili vya jioni, kama yule kijana. Na hiyo fidia iliyoandikwa kule nyuma ya ua lenu, tunaitaka pia."

Meneja akaitwa. Alikuja na tabasamu, akaanza na samahani.

"Hiyo kampe mume wangu," bibi akamkata. "Mimi nipe kiti."

Viti vikapatikana upesi, kama vitu ambavyo mtu alikuwa amevikalia ili kuvificha. Fidia iliahidiwa, na miezi kadhaa baadaye ililipwa, baada ya bibi kuwapigia simu mpaka wakaijua sauti yake. Nasikia Fundi hakuigusa.

Walifika usiku. Kaka alimwona ndugu yake kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, akapona, na akakataa katakata waondoke kwake, wakahamia huko. Kibanda alichoshonea Fundi viatu mtaani kwetu sasa kinauza vifuniko vya simu, na muuzaji wake hasalimii mtu.

Mara ya mwisho nilipowaona walikuwa kwenye mlango wa ukaguzi, ndege ya jioni ikiwa imeshaanza kuita abiria. Fundi alikuwa amesimama kando, anawapisha watu mmoja mmoja: "Tangulia, mwanangu. Pita tu, mama." Mkewe akarudi, akamkamata mkono wa koti, akamvuta ndani.