Kamba ya Bobi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Shule niliiacha darasa la nne, na leo nina malori mawili na ghala la saruji hapa Gisenyi. Wenye diploma wananiamkia wao kwanza. Lakini wiki jana nilishuka Rubona nilikokulia, harufu ya kiwanda cha bia ikanipiga puani, nikajikuta natafuta kwa macho mkeka wa bibi yangu.

Bibi alianika sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Mimi niligeuza, mbwa wetu Bobi akafukuza kunguru. Tulirudi naye kutoka Kongo, na mshahara wake ulikuwa ukoko wa ugali.

Miaka ile, baada ya vita, mbwa wasio na wenyewe walizurura makundi makundi, na walichokula wakati wa vita hakuna aliyekitaja mezani. Polisi wakaamriwa kuwapiga risasi. Mmoja wao, mteja wa bibi, akapita kutuonya: "Mukecuru, mama mzee, ya kwako uifunge kamba tu. Yenye kufungwa hatuigusi."

Jirani yetu mvuvi akacheka. "We mama, unaamini bunduki? Mi yangu naipeleka Goma kwa shemeji, ikakule sombe, majani yao ya muhogo!"

"Serikali ikisema, imesema," bibi akajibu, akanituma nifunge. Nikamfunga Bobi kwenye mparachichi kwa fundo la wavuvi, lile ambalo likivutwa linazidi kukaza.

Asubuhi wakaja polisi wengine, si yule mteja. Bobi akabweka, akaruka, kamba ikamrudisha. Risasi moja. Aliniangalia mimi, si wao.

Bibi hakulia. Aligeuza sambaza nilizokwisha kugeuza. Jioni yule mteja alipokuja kuomba radhi, bibi alimpimia samaki wake kama kawaida, kisha akamwambia, "Mwanangu, kuanzia leo mi sijui kitu, sioni kitu."

Mbwa wa mvuvi alizeekea Goma. Bibi hayupo, mparachichi umekatwa, mkeka sijui uliozea wapi. Kauli yake ndiyo niliyorithi.

Mwaka jana ghala langu lilivunjwa. Mlinzi aliwatambua wezi kwa sura na kwa majina. Nikamwambia afunge mdomo, polisi wasijue. Baada ya wiki tatu akaja polisi kijana, kasikia habari sokoni, kofia mkononi. "Mzee, mungetuambia siku ile ile! Mizigo yako ilikaa hapo jirani, Rugerero, siku mbili nzima."

Hapo, ndugu yangu, nilishangaa. Mifuko mia mbili na kumi. Faranga milioni mbili na elfu mia tano na ishirini.