Afisa Aliyejua Kijojia Kupita Kiasi

Mogaka alichaguliwa kuwa afisa wa Kirusi akiwa amepiga magoti chini ya sinki. Alikuwa mtunza jengo la ghorofa huko Weston, jijini Toronto, na sinki hilo lilikuwa la Mama Lamara, bibi Mjojia wa ghorofa ya tisa.

"Sauti yako inafaa kukamata watu," bibi alimwambia.

Kila mwaka Wajojia wa Toronto waliigiza mchezo wa enzi za wafalme wa Urusi walioitawala Jojia, Kijojia kilipobanwa shuleni na watu wakakimbilia jukwaani kukisikia. Hakuna Mjojia aliyetaka kuwa afisa anayekuja kufunga ukumbi. Afisa mwenyewe alitakiwa kuzungumza Kijojia kibovu.

Mogaka alikariri mchezo mzima kwa miezi mitatu huku akizoa theluji. Ukali aliuiga kwa mwalimu wake kule Kisii, aliyemvisha kibao cha aibu shingoni kila alipoteleza akasema Ekegusii, lugha ya kwao.

"Unasema vizuri mno!" Mama Lamara alilalamika mazoezini. "Wewe ni adui. Boronga kidogo!"

"Wa kuboronga si tunao, Mama?" Mogaka akauliza, akiwatazama walioigiza wazalendo: vijana waliozaliwa Toronto, wakisoma Kijojia kwenye simu kwa herufi za Kiingereza.

Siku ya onyesho Mogaka aliingia na masharubu ya bandia, akazomewa vilivyo. Luka, kijana aliyeigiza shujaa, alipaswa kumjibu kwamba lugha yao haitakufa. Akafungua kinywa. Maneno yakampotea. Mogaka akamnong'oneza, hakusikia. Akamnong'oneza tena. Mwishowe afisa wa mfalme aliinua mkono akatangaza mwenyewe, kwa Kijojia safi, kwamba lugha hii haitakufa kamwe.

Ukumbi mzima ukasimama. Watu wakalia. Mogaka, kwa kukosa la kufanya, akamkamata Luka kama ilivyoandikwa.

"Nisamehe, Mama, nimeuharibu mchezo," alisema nyuma ya pazia.

"Jumamosi utaanza kuwafundisha hawa watoto," bibi akamjibu, akijifuta machozi.

Akawafundisha kwenye chumba cha kufulia nguo, huku Jemimah, bintiye wa miaka tisa, ameketi juu ya mashine akisikiliza. Mwezi wa tatu wa masomo, Mogaka alimpigia mama yake Kisii, akampa mtoto simu amsalimie nyanya. Jemimah, asiyejua Ekegusii, akasalimia kwa Kijojia, bila kosa hata moja.

Nyanya alifurahi sana. Alidhani ni Kiingereza, na Mogaka hakumsahihisha.