Anywe au Asinywe?

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopanda njia za Meru nimevaa viatu vya kisigino kirefu, makaratasi ya chati kwapani, nikijiona mtaalamu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwajiriwa wa kampuni ya ushauri wa maji hapa Arusha. Nilitumwa kuwaeleza watu wa kijiji kimoja, chini ya Nkoaranga, kwamba kisima chao kina madini ya floridi kupita kiasi. Meno ya watoto yalikuwa ya kahawia, na wengine miguu ilianza kupinda. Jambo lilikuwa zito. Mwepesi nilikuwa mimi.

Nilisema saa nzima. Niligeukia ukuta wa darasa tulimokutana, nilipobandika chati zangu, nikasoma kila mstari: vipimo, viwango, maneno ya Kiingereza niliyoyapenda kwa kuwa niliyapata kwa shida chuoni. Watu walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi. Nami nikayapokea.

Ndipo akasimama Bibi Nnko, mkunga mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Binti yangu, umesoma, tunashukuru. Ila mjukuu wangu ana kiu sasa hivi. Maji haya anywe au asinywe?"

Nikaanza, "Kulingana na viwango..."

Akainua mkono. "Hujanijibu."

Mkutano ulipovunjika, niliwaona akina mama wawili wakielekea kisimani na ndoo zao. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Langu lilikuwa limejaa, mwanangu, na bado halikumfaa mtu.

Ningeweza kurudi mjini nikaandika kwamba mkutano umefanyika. Nilikaribia kufanya hivyo. Badala yake nilimfuata Bibi Nnko nyumbani kwake.

"Shikamoo bibi. Naomba unifundishe."

"Marahaba. Mama akiwa na uchungu humpi somo la mwili. Unamwambia sukuma, au pumzika. Haya, niambie mimi. Nitazame usoni."

Nilirudia mara tano jikoni kwake, yeye akimenya ndizi. Nikitaja neno asilolijua, aliacha kumenya akanitazama tu, nami nikaanza upya.

Kesho yake mchungaji alinipa dakika tatu baada ya ibada, kabla ya mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Chati niliziacha kwenye benchi, nikawatazama usoni.

"Msiwape watoto maji ya kisima kile, ya kunywa wala ya kupikia. Yanaharibu mifupa, na kuyachemsha hakusaidii. Kufulia, sawa. Huko juu kuna chemchemi tuliyoipima, maji yake ni salama. Tuchimbe mtaro wa bomba. Nani atakuja Jumatano?"

Mzee mmoja akasema baba yake aliyanywa akaishi miaka mingi. Nikamuuliza kwa upole kama baba yake aliweza kunyoosha mgongo uzeeni.

"Hapana," akasema. "Tulimzika ameinama."

Jumatano walikuja watu wengi na majembe, mzee huyo akiwa wa kwanza. Sikudanganyi, zilibaki nyumba chache zilizoendelea na kisima. Lakini maji ya chemchemi yalifika, na mjukuu wa Bibi Nnko aliyanywa.

Basi wewe unayejiandaa kusimama mbele ya wakurugenzi au wanakijiji, kabla hujafungua kompyuta yako jiulize: hawa watu wafanye nini kesho asubuhi? Kama hujui, usisimame bado. Ukijua, mwambie kwanza mtu mmoja asiyeijua kazi yako, mpaka akuelewe bila kukuonea huruma. Ukuta hauna masikio, watazame watu. Ukiulizwa, jibu kwanza, sababu zifuate. Na muda wako ukiisha, kaa. Utajikwaa, ndiyo, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Mungu akupe ulimi unaoeleweka na moyo usioukimbia ukweli. Akusimamishe imara pale miguu itakapotetemeka. Nenda, mwanangu, ukawaambie.