Herufi Nilizompaka Idman Kwenye Kucha

Ukisikia binamu yangu Idman alisimamishwa katikati ya mtihani kwa sababu ya kucha zake, usibishe. Ni kweli, na aliyezipaka ni mimi.

Kazi yangu ni hina. Nina kibanda sokoni hapa Garissa. Napaka maharusi, mashangazi, na wale wanaokuja kupiga umbea tu kisha wanaondoka na ua moja la bure.

Idman alikuwa na shida. Ofisi moja mjini, sitaitaja, ilitaka karani anayechapa maneno arobaini kwa dakika. Alishajaribu mara mbili na kufeli mara mbili, kwa sababu alichapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama.

Mjomba wetu, abti Gelle, akapiga simu kutoka Hulugho.

"Ukifeli mara ya tatu, urudi huku uchunge. Mbuzi hawaulizi unachapa kwa vidole vingapi."

Maskini, alilia mpaka buibui likalowa. Mbuzi anawaogopa tangu utotoni.

"Mwalimu Vincent wa darasa la kuchapa anasema tusiangalie kibodi," akaniambia akipangusa pua. "Ati kila kidole kina herufi yake ya kupumzikia. Lakini abaayo, dada yangu, mimi sikumbuki ipi ni ya nani!"

"Hilo tu? Lete mikono."

Nikajiona mjanja kweli. Kila kucha nikaipaka herufi yake. A, S, D, F mkono wa kushoto. J, K, L mkono wa kulia, na kidole cha mwisho kikapata ile nukta iliyokalia mkato.

Sasa, hina ya kucha haitoki mpaka kucha ikue. Tulipoosha, Idman akanyoosha mikono, akatazama.

"Ifrah. Mbona zimesimama kwa kichwa?"

Ya Allah! Nilikuwa nimekaa mbele yake, kama ninavyokaa na wateja wote. Herufi zilinitazama mimi. Yeye mwenyewe akinyoosha mikono anaziona kichwa chini, miguu juu. S peke yake ndiyo ilisalimika, maana S ukiipindua bado ni S.

Alinitukana kwa Kisomali, kisha akarudia kwa Kiswahili ili majirani wote wapate.

Ikabidi afanye mazoezi hivyo hivyo. Wiki tano nzima. Alichapa juu ya meza, juu ya sinia la sambusa, juu ya paja lake akiwa kwenye foleni ya maji. Siku moja nikamwomba anikande mgongo. Mwanzo alinikanda vizuri, halafu nikahisi kidole gumba kinanidunga kila baada ya muda.

"We, unafanya nini?"

"Nakuandikia barua ya kuomba kazi. Tulia, nimefika kwa 'Wako mwaminifu'."

Siku ya mtihani ikafika. Msimamizi alikuwa Madam Kagendo wa ofisi hiyo hiyo, mama wa Meru mwenye sauti ya kengele ya shule. Idman akaweka vidole kwenye kibodi. Madam akapita mbele yake, akakwama.

"Wewe! Hiyo ni nini kwa kucha? Mwakenya! Umeleta majibu ya kuibia kwa mtihani yangu!"

Chumba kizima kikageuka. Idman anasema aliwaona mbuzi wa Hulugho wamejipanga mlangoni wakimsubiri.

"Madam, unazisoma?"

"Nazisoma vizuri kabisa! A, S, D, F!"

"Basi zinakutazama wewe. Mimi naziona kichwa chini. Mwizi gani wa mtihani anamwandikia msimamizi majibu?"

Watu wakaangua kicheko. Madam hakucheka hata kidogo. Alivua shali lake, akamfunika Idman mikono, kibodi na kila kitu.

"Haya. Chapa sasa nione."

Idman akakaza macho kwenye karatasi, akasema Bismillahi. F na J zina vituta vidogo. Vidole vyake vya shahada vikavipapasa, vikajua vimefika nyumbani, na wenzao wakafuata.

Maneno arobaini na saba! Makosa mawili tu.

Alikuja kibandani mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Nimepata kazi! Na ujue, herufi zako hazijanisaidia hata siku moja. Kuzisoma kichwa chini ni taabu kuliko kuzikumbuka!"

Nikaichukua hiyo kama shukrani.

Mwezi ukapita. Mchana mmoja wa jua kali, mama mmoja aliyejifunika shali mpaka puani, na miwani myeusi juu, akaketi mbele yangu. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ni wewe ulimpaka Idman?"

Idman alishaniigizia sauti ile mara mia. Nilijiuma ulimi nisicheke.

"Huyo msichana ananiaibisha ofisini," akanong'ona. "Yeye anachapa na vidole kumi. Mimi miaka kumi na tisa ni hivi viwili tu. Nipake. Lakini zinitazame mimi, umesikia?"

"Nimesikia, madam."

Nikamshika mkono, nikakaa palepale mbele yake, nikampaka zote zikinitazama mimi. Atanigombeza, najua. Lakini atajifunza.

Kwa hivyo ndugu zangu, kitu unachoweza kuchungulia hakikai kichwani. Na anayepiga kelele za mwakenya kuliko wote, mwombeni kwanza achape mistari miwili tumwone.